Upande wa Pili wa Shuka

Bohari la Mbaraki lilinuka mbata za nazi na magunia hata siku ambazo halikuwa na mzigo. Harufu hiyo iliganda nguoni, na kwayo jirani yeyote alijua kwamba tumetoka kutazama sinema. Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri gari la serikali lilileta mashine, milango ikafungwa ili kupatikane giza, na shuka jeupe likatungikwa katikati ya bohari, kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaume waliketi mbele ya shuka, upande wa mashine. Wanawake na watoto tuliingia kwa mlango wa nyuma na kuketi kwenye mikeka upande wa pili, ili tusionane nao. Shuka lilikuwa jepesi na picha ilipenya vizuri. Hakuna aliyefikiri kwamba tumepunjwa kitu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alishona kofia katika chumba chetu kimoja nyuma ya Ndia Kuu, nami, nikiwa na miaka tisa, nilichota maji na kupanga foleni ya mahindi. Skuli haikuwa ya wasichana kama mimi, kwa hiyo herufi za Kizungu nilijifunza kwenye karatasi za kufungia sukari. Mdogo wangu Omari alikuwa na miaka minne na macho mabovu. Kila asubuhi kope zake zilikuwa zimeshikana kwa tongo, Mama akazibandua kwa maji ya uvuguvugu na ncha ya leso. Jicho moja lilianza kuingia ukungu. Nilikuwa na desturi ya kumpima: namsimamisha ukutani, narudi nyuma, naonyesha vidole, naye anavihesabu. Mwanzoni alivihesabu kwa hatua kumi. Sasa zilikuwa zimebaki sita.

Filamu ya mwezi ule ilihusu macho. Haikuwa na sauti. Aliyeieleza ni Bwana Karisa, kijana wa Rabai aliyeendesha mashine, naye alipaza sauti hadi nyuma ya shuka. Muuguzi alinawa mikono, akamtia mtoto dawa jichoni, kisha mama wa mtoto akaketi kula na wanawe. Upande wetu Bi Rukia, jirani aliyetawala mikeka yote, alishika kidevu.

“Muoneni huyu! Yuwatia dawa kwa mkono wa shoto!”

“Na mwenziwe yuwala kwa shoto,” mwingine akadakia. “Hawa hawakufunzwa na mama zao?”

“Mkono wa kuchambia huo, shoga!”

Wakacheka hadi picha ikaisha. Mama hakucheka. Njiani aliniambia kwa sauti ndogo kwamba macho ya mwanawe hayataguswa kwa mkono huo. Zahanati haikuwa mbali na kwetu, lakini kuanzia siku ile ilikuwa kama imehamishiwa ng’ambo.

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Chupa ya dawa ilikuwa na herufi, na sikuweza kuisoma hata moja. Jumatano ya pili filamu iliporudiwa, niliinua pindo la shuka na kuchungulia kutoka upande wa wanaume. Herufi zilikuwa sawasawa, na muuguzi alitumia mkono wa kulia. Nilimweleza Mama asiamini. Asubuhi nilimvuta uani, nikamsimamisha nyuma ya leso iliyoanikwa, nikamwambia asome maandishi yake. Alitazama, akazunguka mbele, akarudi nyuma, akazunguka tena.

“Basi sisi ndio tuliokaa vibaya,” alisema. Kisha akafikiri. “Lakini nikimpeleka peke yangu, na macho yakazidi, mtaa mzima utasema nimemharibu mwenyewe. Bi Rukia utamsimamisha nyuma ya leso gani?”

Kwa hiyo Jumatano ya tatu nilifika bohari mapema, nikamkuta Bwana Karisa akipangusa mashine.

“Bwana Karisa, ukanda huu wa filamu hauwezi kupinduliwa?”

“Kwani wewe fundi?”

“Una matundu pande zote mbili. Ukigeuzwa, meno ya mashine yataushika vilevile.”

Aliunyanyua ukanda kwenye mwanga wa mlango, akautazama kwa muda. Nikamweleza habari ya mikono. Alicheka hadi akaketi juu ya gunia. “Wanaume watanila mzima, binti,” alisema, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kuupindua.

Picha ilipoanza, kelele ilitoka upande ambao siku zote ulikuwa kimya. Mzee Athmani, fundi wa milango, ndiye aliyesikika kwanza. “Astaghfirullah! Karisa, watu gani hawa, walao kwa shoto?” Nyuma ya shuka kila mwanamke alikuwa ameshika mkono wake wa kulia, akiulinganisha na wa muuguzi. Bi Rukia alisimama. “Enyi waume! Yaonjeni na nyinyi! Sisi twalishwa shoto wiki ya tatu sasa!” Kicheko kikapasuka pande zote mbili, hata shuka likatikisika. Bwana Karisa alisimamisha mashine, akaeleza alichofanya, akaionyesha filamu tena kwa kila upande. Kesho yake Bi Rukia alitangulia kwenda zahanati na wajukuu watatu, Mama akafuata amembeba Omari. Miezi miwili baadaye Omari alihesabu vidole vyangu kutoka mwisho wa kichochoro, akadai nisogee mbali zaidi.

Bwana Karisa alinipa kipande cha ukanda uliokatika, urefu wa mkono wangu. Nilikichunguza picha moja moja hadi nikaelewa mkono unavyosogea. Alinifundisha kupitisha ukanda mashinini, kisha kuukata na kuuunga, na nilipokuwa mtu mzima nikatengeneza filamu zangu mwenyewe, kuhusu visima, uzazi na skuli za wasichana. Siku hizi watu wa Mji wa Kale huketi ukumbini wote wakielekea upande mmoja, na picha zina rangi. Sauti nayo imechapwa ukingoni mwa ukanda, upande mmoja tu, kwa hiyo filamu ya leo haipinduliki. Kosa langu likishatoka, limetoka. Ndiyo maana kila filamu, kabla haijakamilika, naipeleka kwanza kwa wanawake wanaohusika, naketi nao mkekani na daftari, naandika kila mahali wanapocheka ambapo mimi sikukusudia kicheko. Filamu niliyo nayo sasa waliicheka mara tatu. Mahali pawili nimekwisha kupaondoa. Pa tatu sijapaelewa bado, na Alhamisi narudi kuwauliza.