Ndani ni Upande Gani?

Mama yake Phelista Nabwile huuza matumbo pale Kiminini, na Phelista alijifunza kuyageuza na kuyaosha kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo usimfundishe utumbo. Mimi huosha vyombo vya maabara katika chuo chao hapa Kitale, na nilimwona akikuza seli za utumbo majuma matatu mazima, akiziita "watoto wangu". Huyo hakuwa na mchezo.

Alizikuza juu ya kichujio ndani ya kikombe. Seli ya utumbo ina nyuso mbili: wa juu hutazama chakula, wa chini hutazama damu. Ndani yake mna vimeng'enya vya kusaga taka. Seli huvipanga ili vingi vibaki humohumo kazini, lakini vingine hutolewa nje. Phelista alikuwa na swali moja tu: hutolewa kwa mlango upi, wa chakula au wa damu?

Alhamisi asubuhi majibu yakatoka, naye akaruka mpaka karai likanitoka mkononi. Maji ya kila upande wa seli alikuwa ameyatia katika chupa yake. Ya chupa aliyoandika NJE yalijaa vimeng'enya. Ya chupa ya NDANI hayakuwa na kitu cha maana.

"Anti Rosaline, si uone! Ati zinachagua mlango, bana!"

Nilifurahi kama niliyezizaa mimi.

Mwalimu Gicheru, msimamizi wake, akasoma lebo na kukunja uso. "Hii ni kinyume kabisa na vitabu. Umechanganya chupa. Mwaga, uanze upya."

Kuanza upya ni majuma mengine matatu, na mtihani wa mradi ulikuwa kesho yake. Mwaka mzima ungekwenda na maji. Phelista hakulia. Alipandisha mori, na ningekuwa yeye ningepandisha zaidi.

"Mwalimu, nje ni wapi?"

"Si ni huku kwa chakula? Chakula kiko nje ya mwili mpaka kivuke hizo seli."

"Ai! Kwetu ndani ya matumbo ni pale mavi inapita. Nje ni huku kwa damu!"

Akainua kikombe, akagusa chini yake kwa kidole. Maji ya NJE aliyachota hapo.

Gicheru akakodoa macho. "Kumbe! Mlango wa damu! Basi uko sawa kabisa!" Akampa mkono, wakacheka wote wawili, nami nikapiga kigelegele humo maabara, mahali ambapo hata chafya huombewa ruhusa.

Kisha mwalimu akavuta kiti, akaketi.

"Mwaka jana kulikuwa na kijana wa Bumula, Wakoli. Aliandika hivi hivi, ndani na nje. Nikamwangusha."

"Yuko wapi?"

"Aliacha chuo."

Phelista akaichukua simu ya mwalimu pale mezani, akaitia mkononi mwake.

"Mpigie saa hii, mwalimu. Mwambie alipita."