Siku Dola la Nyota Lilipozama Mitunguu

Enzi zetu, na nyinyi mliokunywa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati mtanielewa, mtu hakuhitaji chaji ya simu ili afike angani. Sisi tulifika kwa wilbaro. Dola letu lilikuwa shamba la migomba la nyanya yetu, kule Mitunguu, na kila shina la mgomba lilikuwa dunia yake. Ukilala chali chini ya majani yale saa za mchana, jua likipenya na kukutawanyia vidoa vya mwanga usoni, uliziona nyota mchana kweupe. Mimi niliziona, na hakuna wa kuniambia sikuziona. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo uliotoka kumwagiliwa maji, mwili wote huwa mwepesi.

Mfalme alikuwa binamu yetu Kinoti. Kila likizo ya Agosti aliletwa kutoka Meru mjini, amevaa viatu vyeusi na soksi, kichwa kimejaa hadithi za falme zinazotawala sayari elfu. Hakuna aliyempigia kura. Yeye alijua hadithi, sisi hatukuzijua, basi akatawala. Na kwa kuwa Kimeru kilimpiga chenga kabisa, lugha ya dola ikawa Kiswahili, ambacho sisi watoto wa shamba tulikuwa tukikiokota darasani. Tulikikatakata, naye Mtukufu akiturekebisha kutoka juu ya wilbaro, mguu mmoja juu ya mwingine.

Ile wilbaro ndiyo iliyokuwa meli yake ya angani. Tuliisukuma kwa zamu, jasho likitutiririka, kutoka dunia hii hadi ile, tukikusanya kodi. Kodi yenyewe ilikuwa ndizi. Nyanya alizifukia zikiwa mbichi kwenye shimo nyuma ya jikoni, akazifunika kwa majani makavu na udongo, na siku ya kuzifukua, wee, utamu ule! Mgao wetu watoto Kinoti aliuchukua wote kwa jina la dola, akala mbele yetu, kisha akatulipa kwa kipande cha hadithi. Nyanya alipiga kelele kutoka jikoni, "Mnatawala na sufuria hazijaoshwa?" Hatukumsikia. Tulikuwa mbali sana.

Mimi nilikuwa radhi kukosa ndizi. Nyumbani kwetu wazazi walirudi jioni wamechoka, wakala, wakalala, na hakuna mtu mwingine duniani aliyenisimulia kitu. Lakini dada yangu mdogo, Makena, ambaye ndiye aliyekuwa mshika hazina, hakuwa na subira hiyo. "Dola gani hili la watu wenye njaa?" aliniuliza.

Kinoti alishatuambia mara nyingi kwamba mfalme wa nyota hapinduliwi. Ana mizinga, ana walinzi, ana majasusi kila sayari. Makena akapanga mapinduzi mbele ya macho yake. Alisimama kando ya wilbaro, mikono nyuma, akatueleza yote kwa Kimeru, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesali: tutaiachilia wilbaro wapi, na maji ya mfereji yataingia shambani lini.

"Mnasema nini?" mfalme akauliza.

"Tunakusifu, Mtukufu," Makena akajibu.

Kinoti akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akiangushwa atanuna, nikawaza, atataka kurudishwa mjini, na zile sayari zote zitapanda gari pamoja naye. Nitabaki na nini? Lakini tumbo nalo lilikuwa linanguruma, na Makena ni damu yangu.

Kule maji ya mfereji huja kwa zamu. Yakifika kwako unayafungulia shambani, na kwa muda mfupi migomba yote inasimama majini. Siku hiyo zamu yetu ilipokaribia, tulimfikisha Mtukufu katikati ya shamba, tukaachilia mipini, tukaenda zetu. "Songeni mbele!" akaamuru. "Walinzi, wakamateni hao!" Masikini, walinzi walikuwa ndio hao hao.

Maji yakaja polepole bila sauti, yakizunguka shina moja hadi jingine. Anga ikashuka chini. Nilimwona Kinoti ameketi kwenye meli yake, majani juu yake, majani chini yake, mwanga unacheza kila mahali, na kusema kweli sijawahi kuona kitu kizuri kama kile maishani mwangu. Kisha akatazama viatu vyake vyeusi, akaikunja miguu kifuani. Akatuita. Si kwa Kiswahili. Alituita kwa Kimeru, kibovu, cha kuokoteza: njooni, tafadhali, njooni.

Makena ndiye aliyeingia majini kwanza, tope hadi magotini. "Kuanzia leo kila mtu anakula," akamwambia. "Na wewe hutuendei mahali. Utakaa utusimulie." Nikapumua. Tuliketi ukingoni mwa mfereji na ndizi zetu, miguu majini, na siku hiyo kwenye hadithi mfalme wa nyota alikuwa msichana mdogo mwenye hasira. Likizo ilipokwisha, Kinoti alikuwa anatutukana kwa Kimeru safi.

Krismasi iliyopita tulikutana tena kwa nyanya, ingawa nyanya mwenyewe hayupo. Watoto wa siku hizi wana nyota zote kiganjani na hawajawahi kulala chini ya mgomba. Waambie watoke nje, wanakuuliza kama huko kuna Wi-Fi. Mwenda, kijana wa Kinoti, alikuwa anatazama filamu ya dola la angani, akaguna. "Ati walinzi wanapanga kumpindua mfalme akiwa hapo hapo na hajui? Hii ni uongo, anti. Haiwezekani."

Mimi na Makena tulitazamana. Kinoti, kipara kitupu sasa, akamwambia mwanawe kwa Kimeru aweke simu chini, waende wakayaone maji yakiingia shambani, kuna jambo anataka kumsimulia.

Kijana akainua macho. "Dadi, unasema nini?"

Kinoti akasimama.

"Nakusifu, Mtukufu," akasema.

Mwenda akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye simu yake. Sisi watatu tukatoka kwenda kuyatazama maji.