Walivyomuua mamba wangu Kibogoyo, na alivyofufuka ziwani mwaka wa 72

Amahoro wakuu.

Naona humu vijana mnalia kwamba zile hadithi ndefu za falme na mazimwi mlizozipenda, mwanzilishi akishaondoka, wanaozishika baada yake wanaziharibu.

Poleni. Sisi yalitukuta Rumonge kabla hamjazaliwa, tena bila kitabu wala televisheni. Nasimulia bila chumvi. Chumvi yote niliimaliza kwenye ndagala, dagaa wa ziwani kwetu.

Mwaka tuliopata uhuru, Mama Mwamvua, muuza ndagala wa mtaani kwetu, alianza kutusimulia habari za mji ulio chini ya ziwa Tanganyika. Una malkia, una soko, una jini anayetoza ushuru kila samaki anayepita.

Tulimsikiliza jioni huku tukimchambulia samaki wake. (Akili ya yule mama! Miaka yote ile tulimfanyia kazi bure tukidhani anatuburudisha.)

Akatoa ruhusa: yeyote amtie mtu wake mle mjini na amsimulie mwenyewe. Sharti moja tu, usimuue mtu wa mwenzio.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nashona nguo barazani. Nikamtia Kibogoyo, mamba asiye na meno. Mwizi, mwongo, chakula chake uji.

Watu walimpenda kuliko malkia. Hata wa Minago wakileta mawese, wanauliza kwanza, "Kibogoyo ameiba nini tena?" Ndipo wanatua mzigo.

Mama Mwamvua akafariki. Hadithi akaishika mkwewe, Rashidi, fundi cherehani wa baraza ya pili, yaani mshindani wangu kwa wateja.

Wakuu, jamaa akaleta shujaa mpya. Fundi cherehani! Mrefu, mzuri, malkia anamlilia. Tukamtazama Rashidi, mfupi kama kinu, tukakohoa.

Haukupita muda, fundi wake akamchoma Kibogoyo sindano ya moyo. Kafa.

Nikasimama. "Rashidi, sharti la mama mkweo umelisahau?"

"Mama iko kaburini," akanijibu. "Sasa hadithi iko kwangu. Na ule mamba wako ametuchosha."

Kesho yake nikaanzisha muendelezo wangu, barazani kwangu. Aliyechomwa si Kibogoyo, ni gunia la maganda ya mihogo lililovaa koti lake. Na yule fundi mzuri, malkia alipomvua kofia, akakuta pembe za mbuzi.

Mtaa ukagawanyika. Watu wa Rashidi hawakuleta tena nguo kwangu. Watu wangu wakipita kwake wanalia meee. Mkewe mwenyewe alikuwa anakuja kusikiliza kwangu, akijifanya anaazima pasi.

Halafu ikaja 72.

Hapo sitaleta mzaha. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Waliowahi walikimbilia ziwani. Asubuhi moja ya ukungu nikajikuta kwenye mtumbwi uliojaa watu, na mbele yangu wamekaa Rashidi, mkewe na watoto wao. Hatukusalimiana.

Watoto wakaanza kulia. Mwenye mtumbwi akanong'ona kwamba askari wako ufukoni na sauti inafika. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa nguvu, mpaka nikaogopa.

Rashidi akanigeukia.

"Dada Zubeda, Kibogoyo iko wapi?"

Nikamwelewa.

"Iko chini yetu," nikanong'ona. "Anasukuma mtumbwi kwa pua. Lakini ana haya. Akisikia kelele anakimbia."

Watoto wakanyamaza. Wakaweka viganja kwenye mbao, wakimtafuta. Nikaendelea, na pumzi iliponiishia akapokea Rashidi: fundi wake kapanda mgongoni kwa mamba, anashona tanga kwa nyuzi za maji. Tukapokezana hivyo. Ukungu ulipoondoka, pwani ya kwetu ilikuwa mstari mwembamba tu.

Hapo ndipo nililia. Mke wa Rashidi akanishika mkono.

Tukahamia Ujiji. Mimi na Rashidi tukashona chumba kimoja mpaka Mungu alipomchukua, na kila siku tukibishana kama fundi ana pembe au hana.

Miaka mingi baadaye, sokoni Kigoma, nikamsikia binti muuza mihogo akimsimulia mwenzake habari za Kibogoyo. Wakuu, Kibogoyo wake ana meno ya dhahabu na wake wawili!

Nikaingilia. "Binti, huyo hana meno."

Akanitazama juu mpaka chini. "Bibi, kama hadithi huijui, usituharibie sisi tunaoijua."

Nikanunua mihogo, nikakaa, nikasikiliza. Na ilikuwa tamu, kumbe.

Nilichojifunza: kasirikeni tu, ni haki yenu. Lakini huyo mnayesema kaiharibu ndiye kaibeba mpaka ikawafikia.

Haya, nani kawaulia mtu wenu? Semeni hapa chini. Na kama yupo humu mtu wa Kabezi au Uvira mwenye habari za mamba wangu, azilete. Nasikia huko kaokoka, anaimba kwaya.