Nukta Nyekundu ya Shosho wa Luthuli

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Wanjugu Kiragu anainusa madabodi.

Anaishika kwa pembe zake, anaileta puani na kufumba macho kidogo, kama mama anayetaka kujua iwapo maziwa yamechacha. Kisha anaigeuza na kunusa upande wa pili. Nyuma ya kaunta ya kioo, mwenye duka, Abdulrauf Sharif, anaendelea na chai yake bila haraka. Amemzoea.

"Mama, hiyo si samaki," anamwambia.

"Samaki huoza polepole, Ustadh," anajibu, macho bado yamefumbwa. "Hii huungua mara moja."

Duka liko ghorofa ya pili ya jengo moja la eksibisheni, yaani jengo la vibanda vingi vya biashara, Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi. Abdulrauf, mzaliwa wa Lamu, huuza vifaa vya kompyuta mchana na kufundisha watoto madrasa jioni, ndiyo maana jengo zima humwita Ustadh. Bi Wanjugu, mama wa miaka 61 kutoka Riruta, ni mteja wake wa siku nyingi. Kazi yake ni kutafuta bando.

Usidhani ni bando la intaneti. Hapa Luthuli, bando ni prosesa na madabodi zikiuzwa pamoja. Prosesa ni kile kidude kidogo cha mraba ambacho ndicho akili ya kompyuta. Madabodi ni ule ubao mpana unaobeba prosesa na karibu kila kitu kingine kilicho ndani. Mtu ambaye kompyuta yake imechoka, na mfuko wake umechoka pia, hanunui kompyuta mpya. Hutafuta bando lililotumika, akalitia ndani ya kasha lile lile la zamani, na kazi ikaendelea.

Shida ni kwamba bando bovu na bando zuri hufanana kama pacha. Wenye saiba, yale maduka ya kuchapisha karatasi na kujaza fomu za mtandaoni, hawana muda wa kushinda mjini wakichagua. Basi humpigia simu Bi Wanjugu. Kuanzia Riruta hadi Hurlingham, wengi wao humwita Shosho, yaani bibi, na yeye huitika.

Lakini leo hakuja kutafuta faida. Ndani ya kiondo chake, ikiwa imefungwa kwa leso kuukuu, kuna madabodi iliyokufa. Pembeni mwake, karibu na tundu la skrubu, ina nukta nyekundu. Nukta hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani kabla hajanywa chai.

Ili uielewe nukta hiyo, yafaa uanzie saluni.

"Mimi nilikuwa mtu wa saluni," anasimulia. "Miaka yangu mingi nimeimaliza nikiinamia vichwa na miguu ya watu. Mgongo ukakataa."

Saluni yake ilikuwa kando ya Naivasha Road, ukuta mmoja na saiba ya jirani yake, Bwana Ochola. Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, Bi Wanjugu alikwenda mjini kununua nywele na mafuta. Jumatatu moja Ochola, ambaye hakuwa na wa kumwachia saiba, alimpa pesa, akamtajia jina la bando alilotaka na kumwomba ampitishie.

Jioni alirudi na bando, na chenji juu yake. Ochola aliitazama ile chenji, akamtazama yeye, kisha akamuuliza ameiba wapi.

"Sikuiba," anasema huku akicheka. "Yule wa duka alinitajia bei, nikacheka, nikatoka. Aliniita kabla sijafika kwa ngazi. Nywele nimenunua hivyo maisha yangu yote. Sasa kwa nini hii iwe tofauti?"

Hata kunusa alikutoa saluni. Draya ya nywele ikitaka kufa, anaeleza, hutoa harufu kabla haijazima. Aliponunua bando la kwanza, lile la pembeni yake lilinuka hivyo hivyo, naye akaliacha bila kujua jina la hata kipande kimoja kilichokuwa juu yake. Majina alikuja kuyajua baadaye, akikaa saiba kwa Ochola na kuuliza hiki ni nini, na kile ni cha nini.

Kisha akachomwa. Bando moja alilonunua lilikufa wiki ile ile. Alipolirudisha, mwenye duka, ambaye siku hizi hayuko tena mtaa huo, aliligeuza mkononi na kusema hajawahi kuliona. Bi Wanjugu hakuwa na la kumwonyesha. Alitoka, akamlipa Ochola kutoka kwa pesa za saluni.

Safari iliyofuata, kabla hajatoka dukani, alifungua mkoba wake, akatoa rangi ya kucha na kutia nukta nyekundu pembeni mwa madabodi, muuzaji akimtazama.

"Nilimwambia, ukiiona hii tena, usiseme huijui."

Basi nukta ilianza kama kinga yake dhidi ya wenye maduka. Lakini watu wana macho. Wenye saiba waliona kwamba madabodi zenye nukta hazifi ovyo. Wakaanza kuulizana. Mtu akimpigia simu Shosho, hataji tena bei kwanza. Husema anataka ile ya nukta.

Wala hawakukosea. Bi Wanjugu hatii rangi kabla bando halijawashwa kwenye meza ya duka na kuachwa likiwaka huku yeye akinywa chai. Likizima kabla kikombe hakijaisha, analiacha. Ustadh anasema hajawahi kuona mtu anayekunywa chai polepole kama mama huyu.

Bando likikubali, hubaki na faida ya shilingi elfu moja, au elfu moja na mia tano. Kuna wiki za mabando sita na kuna wiki za bando moja. Kwa kazi hiyo amemsomesha kitinda mimba wake, Dan, ambaye sasa ni fundi wa umeme, na amejenga chumba cha mbele kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Halafu ikaja habari ya Anita.

Anita ana saiba mtaa wa Jamhuri na ni mteja wa Shosho wa miaka kadhaa. Mwezi huu, kompyuta yake kubwa ilipokufa, Bi Wanjugu alikuwa Kinangop akimuuguza dada yake. Anita hakuweza kungoja. Alikwenda mjini mwenyewe, akazunguka hadi miguu ikamuuma, na kwenye kibanda kimoja akaona madabodi yenye nukta nyekundu. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni ya Shosho. Akalipa bila kuomba iwashwe.

Haikumaliza wiki. Aliporudi kwenye kile kibanda, alikuta mtu mwingine akiuza viatu. Usiku huo Anita aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye saiba: "Nukta ya Shosho imeniangusha."

Kundi hilo lina karibu wateja wote wa Bi Wanjugu.

"Nilisoma hiyo mesej nikiwa nimekaa kwa kitanda ya dada yangu," anasema. "Ilikuwa kama mtu amenivua nguo kwa barabara."

Aliporudi Nairobi, alimtuma Dan akaichukue ile madabodi kwa Anita. Sasa, juu ya kaunta ya Ustadh, anaifungua ile leso. Anatoa pamba na kichupa cha asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwanza anamwomba Ustadh amshushie madabodi iliyo rafuni, aliyoitia nukta kabla ya kusafiri na ambayo mteja wake hajaichukua. Anaigusa kwa pamba. Rangi inayeyuka papo hapo, pamba inakuwa nyekundu.

Anachukua pamba nyingine na kuisugua ile nukta ya Anita. Anasugua tena. Pamba inatoka na vumbi tu.

"Hiyo ni rangi ya kupaka mageti," anasema Ustadh.

Anaonekana kufurahi kuliko Bi Wanjugu mwenyewe. Anamwambia mama ameshinda, kesi imekwisha, apige picha pamba zote mbili azitume kwenye lile kundi, na Anita akamtafute aliyemuuzia.

Bi Wanjugu anaifunga madabodi tena ndani ya leso, taratibu.

"Anita hakuwa na asetoni siku ile ananunua, Ustadh," anasema. "Alikuwa na jina langu tu. Nitamtafutia ingine."

Ustadh anaweka kikombe chini.

Bando la kumfaa Anita lazima likubali kasha lake na memori alizo nazo tayari, na bei yake isimuumize mama, maana leo analipa mwenyewe. Lile alilokuwa akilinusa linafaa, lakini Ustadh amelitajia shilingi elfu tisa na mia tano. Bi Wanjugu anamwomba amwekee kando, kisha anaingia kwenye korido.

Kibanda cha kwanza wanamletea prosesa yenye nguvu juu ya madabodi dhaifu. Anairudisha. "Usiniozeshe mzima kwa mgonjwa," anamwambia muuzaji, na majirani wanaangua kicheko.

Kibanda cha pili kina bando la bei ya chini sana. Anaomba liwashwe. Muuzaji, aliyevaa kofia nyekundu, anasema kwa masikitiko kuwa stima zimepotea.

Bi Wanjugu anainua macho taratibu hadi kwenye taa inayowaka juu ya kichwa chake.

"Na hii inatumia mafuta ya taa?"

"Shosho, wewe nawe," anasema muuzaji, akilirudisha bando lake chini ya meza.

Anazunguka hivyo hadi karibu saa tano, akiinua, akigeuza, akinusa, akirudisha. Wengi wanamsalimu. Wawili wanamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli nukta yake siku hizi haiaminiki. Anawajibu kuwa anashughulikia. Hataji pamba wala asetoni.

Anaporudi kwa Ustadh, anakuta bando limeshawekwa mezani, limeunganishwa, linawaka. Kando yake kuna kikombe cha chai.

Safari hii hacheki bei wala haelekei kwenye ngazi. Anakaa tu. Ni Ustadh anayeanza. Anamwambia atampa kwa bei aliyonunulia yeye, elfu saba na mia nane, asiongeze hata senti. Mama anataka kukataa. Ustadh anamweleza kwamba kuna wateja huingia hapa wakiuliza kwanza kama Shosho hununua kwake, na wakisikia ndiyo, huacha kubishania bei.

"Nukta yako imeniuzia na mimi, mama," anasema. "Kunywa chai yako."

Anakunywa polepole, kama kawaida yake. Kikombe kinaisha, bando bado linawaka. Lakini leo anaondoka bila kulitia rangi.

Mchana, katika saiba ya Anita, watu watatu wanangoja kwenye benchi. Anita anamwona mlangoni, anasimama, anakosa pa kuweka mikono.

"Shosho, hata sijui niseme nini."

"Usiseme. Leta bisibisi."

Anapiga magoti kando ya kasha, mgongo ukilalamika. Anafungua skrubu, anaingiza kilicho hai mahali pa kilichokufa. Juu ya prosesa anapaka ile dawa ya kupunguza joto, kidogo tu, kama anayepaka losheni usoni mwa mteja. Wakati huo anamweleza Anita habari ya pamba mbili, bila kuinua sauti. Anita anajifunika mdomo.

"Kwa hivyo haikuwa yako? Sasa mbona umeniletea ingine?"

"Ulinunua kwa sababu yangu," anasema Shosho. "Washa."

Anita anabonyeza kitufe. Feni inaguna, kasha linatoa mlio mmoja mfupi, na kioo kinajaa mwanga. Mzee mmoja kwenye benchi anasema basi wamchapishie yake kwanza, amekuwa akingoja tangu asubuhi.

Anita tayari ana simu mkononi. Anataka kuandika kwenye kundi kuwa ile nukta ilikuwa ya wezi, na kukitaja kile kibanda. Bi Wanjugu anamkataza kutaja kibanda, kwa kuwa hakuna aliyemwona mtu akipaka. Anamwambia aandike tu kwamba ile ilikufa, na hii inawaka, na kwamba kuanzia leo kuna sheria mpya.

Sheria yenyewe ni hii. Nukta haitatiwa tena dukani. Itatiwa mahali kompyuta inapokwenda kufanya kazi, ikiwa imewaka, mwenye kompyuta akitazama.

"Kama hukuniona nikipaka," anasema, "hiyo si yangu."

Ana mpango mkubwa zaidi, nao uko kwenye kile chumba cha mbele cha ploti yake ya Riruta. Dan amekwisha kupitisha nyaya ukutani. Kutakuwa na meza ndefu, kioo kimoja cha kompyuta, na kile kiti chake cha saluni, ambacho hakuwahi kukiuza. Mtu yeyote anayetaka kununua bando, awe ananunua kwake au kwa mwingine, ataweza kulileta liwashwe hapo kabla hajamaliza kulipa. Anatumaini kufungua kabla shule hazijafunga, maana likizo ndipo saiba hujaa.

"Watu waache kununua rangi," anasema. "Wanunue kitu imewaka."

Anatoa kichupa kidogo mkobani, anakitikisa, anakifungua. Anita anainama karibu naye. Hata mzee wa kwenye benchi anasogea aone. Kwa mkono ule uliopaka kucha za nusu ya Riruta, Bi Wanjugu anagusa pembe ya madabodi mara moja, anangoja, anarudia mara ya pili, kisha anaipulizia.

Anita ananyoosha kidole.

"Usiguse kwanza," Shosho anamwambia. "Iache ikauke."