Wimbo wa Papa Bertin

Jumamosi za salongo, mtaa mzima ukitoka na majembe kuzibua mitaro, Adolphine ndiye aliyeanzisha nyimbo. Muuza ndagala huyu, dagaa wa ziwani, katika mji wa Baraka, alikuwa na ulimi, Mungu wangu! Mtoza kodi mmoja mwizi aliimbwa sokoni mpaka akaomba ahamishwe. Akina mama walimpenda kwa hilo, nami siwalaumu. Mnyonge asiye na fimbo hupiga kwa kicheko.

Ila mkono ukizoea kupiga hauchagui. Siku moja alimgeukia Papa Bertin, shefu, kiongozi wa mtaa, mpole asiye na kosa ila kigugumizi chake. "Ba-ba-batu, mu-mu-mukuye!" aliimba, akiiga anavyowaita watu waje, majembe yakafuata mdundo. Watu walicheka mpaka machozi. Bertin naye alicheka, kwani angefanya nini? Tangu hapo, kila alipofungua kinywa, wimbo ulianza.

Mvua zilipokula ukingo wa mto kwa chini, Bertin aliuona ukining'inia pale watoto wanapochota maji. Alikuja kwenye salongo, akainua mkono.

"Ba-ba-batoto..."

Basi! Wakampokea kwa wimbo, sauti ya Adolphine juu ya zote. Bertin alingoja, akajaribu tena. Kisha akashusha mkono, akaenda peke yake kuziba njia ya mtoni kwa matawi ya miiba.

Watoto hawashindwi na miiba. Jioni ile ukingo ulimeguka na Merveille, binti pekee wa Adolphine, pamoja na bidoni yake ya njano ya kuchotea maji.

Kwenye kilio Bertin aliketi mkekani karibu na Adolphine. Mara hii watu walimngoja amalize.

"Mama Merveille, ni-ni-nilikuya kubaambia."

"Najua, Papa. Nilikusikia. Ulisema batoto, na mi nikaimba."

Alilia kilio ambacho wanawake waliomshika hawakuweza kukituliza.

Sasa anauza ndagala zake kimya, na mtaa unazibua mitaro bila kiongozi wa nyimbo. Lakini wimbo ukishatoka kinywani hauna mwenyewe. Wasichana wadogo wanauimba nyuma ya nyumba yake wakiruka kamba, ba-ba-batu, mu-mu-mukuye. Majirani wamewakataza mara ngapi! Adolphine mwenyewe hawakatazi. Anakaa mlangoni, khanga mdomoni, akiwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu Merveille ndiye aliyewafundisha.