Unga Usio na Uchungu

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara Nairobi ilikuwa ya ulimi. Nyuma ya duka la dawa katikati ya mji palikuwa na chumba chembamba chenye chupa na mizani, na humo Mhindi mmoja mkemia alishughulika na dawa ya malaria. Dawa yenyewe ilikuwa inaponya watu tayari. Shida ni uchungu wake. Watoto waliitapika kabla haijafanya kazi. Basi yeye alikuwa akiifunga na kitu kingine ili isiyeyuke mdomoni, ikayeyuke tumboni. Kila alipopata unga mpya, niliweka chembe kwenye ncha ya ulimi, nikangoja, nikatema, nikasukutua.

"Chungu?"

"Chungu, bwana."

"Chungu kama ya jana?"

"Ya jana ilikuwa asali."

Alicheka, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini jioni nikikatiza mashamba ya mahindi kurudi nyumbani Kabiria, pembeni mwa mji, nilijiona mwanasayansi kamili. Niliota nami nitatengeneza dawa yangu, na sikuona kitu cha kunizuia.

Siku moja niliweka unga ulimini, nikangoja, nikangoja. Ulikuwa kama chaki. Mkemia alinirudisha kuuonja mpaka nikamwambia, "Bwana, ulimi wangu si mgonjwa. Umeweza!" Daktari mmoja wa hospitali akaupima, akawapa watoto wa wadi yake, nao wakapata nafuu.

Ndipo dada yangu mkubwa, niliyekuwa nikikaa kwake, akarudi kutoka kwetu magharibi na mtoto wake anayenyonya. Mtoto alikuwa moto kama jiko. Alipewa vidonge vya kusagwa, akatapika. Akapewa tena, akatapikia shati langu. Macho yakaanza kumlegea, na mimi nikalia mbele ya dada bila haya. Asubuhi nikamwambia mkemia. Alimpigia daktari simu palepale, tukampeleka mtoto hospitalini kwake, akatolewa damu ya kupima, na unga ukapimwa kwenye kijiko.

Dada akachovya kidole, akalamba.

"Hii ni unga wa muhogo."

"Dada, ni dawa. Nimeionja mwenyewe."

"Dawa isiyo na uchungu itafukuza nini? Malaria itafikiri imealikwa chai!"

Akamkumbatia mtoto, akageuka ukutani. Mkemia akaanza kueleza kwa mikono: "Mama, hii iko lala mdomoni, naamuka tumboni."

"Na ikilala moja kwa moja, baba?"

Mtoto alikuwa anapumua kwa kasi, na kijiko kipo tu hewani mkononi mwa daktari.

Kwetu, mtoto wa kunyonya akiugua, mama ndiye hunywa mitishamba michungu, ipite kwenye maziwa. Dada alifikiri kidogo, akageuka.

"Sawa. Ile chungu nipeni mimi. Yeye mpeni hiyo yenu."

Daktari alimtazama, akamuuliza kama hana mimba, kisha akasema dada naye ametoka kwenye mbu walewale, dawa haitamdhuru. Akampa vidonge. Dada alivitafuna bila maji, akitukazia macho mmoja mmoja, uso haukunjiki. Kisha akafungua mdomo wa mtoto kwa kidole chake mwenyewe. Unga uliingia na maziwa. Mtoto akalamba midomo, akatafuta kijiko. Tulisimama tukingoja kutapika. Hakutapika.

Tuliporudi hospitalini kumalizia dozi, homa ilikuwa imeshuka. Mkemia alikuja mbio, tai imekaa upande.

"Mama, dawa nafanya kazi?"

"Imefanya sana," dada akasema. "Si uliniona nikitafuna?"

Mkemia akanitazama, nami nikamtazama yeye. Tungebishana na dada vipi? Mtoto alikuwa amenishika pua kwa nguvu zake zote, na vidole vyake vilikuwa vimepoa.