Kompyuta Iliyohangaika Bila Kutumwa

Meneja alikwisha sema: Ijumaa gari likienda Dar, kompyuta iende nalo, nami nirudi kwenye mashine ya taipu. Boksi la kompyuta lilikuwa limeshaletwa, liko mlangoni.

Ilikuwa ofisi ya wakulima wa mpunga, Ifakara, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi nina darasa la saba na kozi fupi ya kuchapa. Kompyuta ilipokuja aliijaribu mhasibu, halafu nikakabidhiwa mimi, na nilijivuna, sikatai. Kisha ikawa nzito. Unabonyeza, herufi zinakuja baadaye kama ng'ombe waliochoka. Mhasibu akasema mbele ya watu, "Dada, mashine hii ilikuwa nzima mpaka ulipoishika."

Nimtendee haki: hakusema uongo. Ilianza kuzubaa wiki ileile niliyoanza mimi. Hata mimi niliamini ni mkono wangu. Tulisema ni joto, tukaielekezea feni. Tukasema ni umeme mdogo. "Bwawa la umeme la Kidatu hilo hapo," meneja akalalamika, "umeme unatupita kichwani kwenda Dar." Nikaifunika kitambaa nilichodarizi, nikidhani ni vumbi. Ikazidi kupata moto.

Alhamisi nilikaa tu naitazama. Utotoni kijijini Mofu nilikuwa naamia ndege wasile mpunga, na mama alinikataza kurusha jiwe mapema. Tulia kwanza juu ya dungu, kwenye kichanja cha kulindia shamba, uone wanashukia wapi. Basi nikatulia, mikono mapajani. Ndipo nikasikia ndani mle kunakwaruza, krr, krr, na kijitaa chake kinawaka na kuzima.

"Kaka," nikamwita mhasibu, "njoo usikilize. Nani anaitumia sasa?"

Akatega sikio. "Hujabonyeza kitu?"

"Mikono yangu si hii hapa!"

Yeye ndiye aliyejua vile vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja, yakatokea majina ya programu zinazoendelea. Mimi nisingejua. Tukazifunga mojamoja, na kila tukifunga moja tunanyamaza, tunasikiliza. Ya kwanza, krr bado. Ya pili, mashine ikatuuliza kama tunataka kuizima yote. "Toka hapo, dada! Tutaua kitu cha watu!" Tukaiacha. Ya tatu, kimya. Nikaandika "mpunga" na herufi zikafuata kidole.

Kumbe ilikuwa programu ya kupekua mafaili, iliyoingizwa pamoja na ile ya kuandikia barua, wiki ileile niliyoanza. Ilikuwa ikiyapitia yote kila mara, eti siku tukitafuta barua tuipate upesi, na ubongo wa mashine ukaelemewa. Ni kama mgeni anayekufagilia jiko wakati unasonga ugali. Nia yake njema, lakini utapika saa ngapi?

Ijumaa asubuhi nikawasha. Krr, krr. Nje dereva anapiga honi.

"Imerudi," mhasibu akasema.

"Jana tumeifukuza tu," nikasema, "hatujaziba inapoingilia. Inaamka na mashine."

Akapekua mpaka akapakuta mahali panapowekwa programu za kujiwasha zenyewe. Ilikuwamo. Tukaitoa, tukazima, tukawasha. Tukasubiri. Kimya, na kimya kikaendelea.

Meneja akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona haimo kwenye boksi?"

"Haiendi, mzee," mhasibu akasema. "Dada ameiponya."

"Tumeiponya," nikasema, maana nusu ni yake kweli. Lakini lile neno lake, "Dada ameiponya," nililisikia vizuri, na wote mle ofisini walilisikia. Meneja akaandika mstari mmoja mwenyewe, taratibu, kwa kidole kimoja, kisha akatoka kumwambia dereva aende zake.

Boksi nililiomba. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani Katindiuka, mchana kweupe, kwa njia ndefu. Kuku wangu akatotoa vifaranga humo. Jirani akauliza, "Boksi zuri hivi la nini?"

"La kompyuta," nikamwambia. "Yenyewe ninayo kazini."